Ufunguo Uliopelekwa Madhabahuni

"Amefuta ngapi?"

"Asilimia arobaini. Kasiva, harakisha."

Kasiva Ndululu aliinama juu ya pikipiki yake ya Yamaha. Mbele, Prado nyeupe iliteremka milima ya Mbooni kwa fujo, dishi dogo la intaneti likitikisika juu ya paa. Ndani, mgeni aliyejiita mwinjilisti alikuwa akifuta miaka mitatu ya picha za nyota.

Setilaiti ya kuchunguza nyota ilizituma, kompyuta za kituo cha Kwa Vonza zikazisafisha na kuzihifadhi, vyuo vya Afrika nzima vikazichota mtandaoni. Lakini kamera ilikuwa imenasa pia mtambo wa kijasusi wa angani wa nchi ya huyo mgeni. Nchi yake haikutaka mtu auone.

"Ameingia na ufunguo wa nani?"

Jibu lilitoka kwenye simu iliyokuwa ndani ya kofia yake.

"Wa kaka yako," alisema Mathenge, mkuu wake wa upelelezi. "Munyao."

Aliongeza moto.

Alielewa mara moja jinsi ilivyotokea, na hilo ndilo lililomuuma. Leo kanisani kwao ilikuwa siku ya kubariki kazi. Kila mtu hupeleka mbele kitu kinachomlisha: jembe, mkasi wa kushonea, funguo za bodaboda. Asubuhi mama alimtumia picha ya Munyao, fundi wa kompyuta kituoni, akiweka madhabahuni kifaa kidogo kama ukucha, ufunguo wake wa kuingilia kompyuta za kituo. Kilikaa pale ibada nzima, karibu na mgeni wa heshima, mwinjilisti huyo huyo. Munyao ni mtu mzima na akili zake, lakini mbele ya maombi ni mtoto.

"Sabini."

Kona. Vumbi. Bastola ya Kasiva.

Risasi mbili. Gurudumu la nyuma likapasuka, Prado ikaingia mtaroni. Mgeni alitoka na bastola. Kasiva aliipiga teke, akamlaza chini, akamfunga pingu. Kisha akachomoa kifaa kwenye laptopu ndani ya gari.

"Imesimama," Mathenge alisema. "Picha za mtambo zimebaki. Zingine ndizo zimeenda."

"Munyao hakujua, boss."

"Najua. Lakini hicho kitu hakiruhusiwi kutoka nje ya kituo, na alisaini kukubali hivyo. Nitume vijana wamkamate?"

"Hapana. Nitaenda mimi."

Aliwakabidhi polisi yule mgeni, akapanda tena mlima. Waumini walikuwa wakinywa chai nje ya kanisa. Alimvuta Munyao kando, akamweleza kwa sauti ya chini.

Munyao aliweka kikombe chake chini.

"Nilitaka iombewe tu, Kasiva. Kazi ilikuwa imeanza kuyumba."

"Najua."

"Sasa mwaitu utamwambia nini?"

Mwaitu, yaani mama yao, alikuwa mezani, akiwamiminia watu chai. Kasiva alimtia kaka yake pingu nyingine, akavua koti lake la ngozi na kuzifunika.

"Mnaenda wapi nyinyi wawili?" mama aliita, akitabasamu kuwaona pamoja. "Nimepika muthokoi. Mtarudi kula?"

"Tutarudi, mwaitu," Kasiva alidanganya, akatembea taratibu bila kugeuka.