Mabango Yasiyo na Uso

Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni, Rangi alisugua kucha zake kwa brashi kuukuu na sabuni ya kufulia, na kila asubuhi wino ulibaki palepale. Jina lake la utani alilipata kwa sababu hiyo.

"Mwanangu, hata maji yamekata tamaa," mama yake alimtania, akimsogezea kikombe cha chai.

Rangi alicheka, akanywa chai harakaharaka, akatoka. Wiki hiyo aliipenda sana njia ya kwenda chuoni. Zahanati iliwaomba wanafunzi wa usanifu wa picha wachore bango la kuwahimiza watu kuwahi matibabu, na kati ya mabango yote, lake ndilo lililochaguliwa. Lilikuwa limebandikwa posta, kituo cha mabasi na kila kona ya mtaa. Lilionyesha mwanamke kijana mwenye kovu dogo juu ya jicho la kushoto, akimtazama mpita njia moja kwa moja. Chini yake yalikuwepo maneno mekundu: NILIWAHI HOSPITALI. LEO NIPO.

Lakini Jumatatu hiyo, alipofika kwenye lango la chuo, miguu yake ilisita. Bango lilikuwepo, maneno yalikuwepo, uso haukuwepo. Mtu alikuwa ameukata kwa uangalifu mkubwa, akifuata mstari wa nywele, masikio na kidevu, bila kuichana karatasi hata kidogo. Mahali pa uso palibaki tundu lenye umbo la kichwa, na ndani yake ukuta mtupu wa kijivu. LEO NIPO, bango lilisema, na hapakuwa na mtu.

Darasani, mwalimu wa usanifu aliwagawia karatasi. Alikuwa mama mpole, lakini macho yake hayakupitwa na jambo.

"Muhula unakwisha," alisema. "Kila mmoja aandike nguvu zake na udhaifu wake katika kazi alizofanya. Msiniandikie mimi. Jiandikieni nyinyi wenyewe."

Chini ya nguvu, Rangi aliandika: kupanga maneno, kuchagua rangi, kuchora nyuso. Hapo kalamu ilimsimama. Mawili ya kwanza yalikuwa kweli. La tatu lilikuwa uongo mtupu. Nyuso alizochora Rangi zilifanana na viazi vilivyokaliwa. Mpaka siku moja, alipokuwa akimsaidia mjomba wake mpiga picha kufagia studio, aliona sanduku la picha ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Akachomoa moja, akaiweka chini ya karatasi nyembamba, akafuatisha kila mstari, hata kovu. Mwalimu alipomuuliza uso ule ni wa nani, alijibu bila kupepesa, "Nimeubuni mwenyewe, mwalimu."

Chini ya udhaifu aliandika: wakati mwingine nachelewa kufika.

Mwalimu aliisoma karatasi ile, akamrudishia. "Fikiri tena," alisema. "Nitaichukua Ijumaa."

Jumanne nyuso nyingine tatu zilikuwa zimetoweka. Jumatano, nne zaidi. Zote zilikatwa vilevile, kwa mkono usiotetemeka. Watoto walianza kuvuka barabara ili wasipite karibu na matundu yale.

"Wanasema ni mwenyewe anayekuja kuchukua uso wake," alinong'ona jirani yake wa dawati, aliyeitwa Rula kwa urefu wake. Akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

Rangi alifungua mchoro wake kwenye kompyuta. Akasogea kulia, macho ya yule mwanamke yakamfuata. Akasogea kushoto, yakamfuata. Akauzima mtambo bila kuhifadhi kazi yake.

Alhamisi saa nane mchana, alikuwa akirudi nyumbani. Jua lilikuwa kali, mtaa mtupu, maduka yamefunga milango nusu. Alipokaribia posta alisikia sauti ndogo: kacha, kacha, kacha. Mkasi. Alipopinda kona alimwona mwanamke mrefu aliyejifunika kitambaa cheusi, akiondoka polepole, ameushika uso wa karatasi kifuani kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

Moyo ulimwambia akimbie. Miguu ikamfuata yule mwanamke.

Mwanamke aliingia katika chumba kimoja mwisho wa kichochoro, akaacha mlango wazi. Rangi alichungulia. Aliona cherehani, vipande vya vitambaa, na ukutani, nyuso. Zilikuwa kumi na moja, zimepangwa safu, zote zina kovu juu ya jicho, na zote zilikuwa zikimtazama yeye. Ya kumi na mbili ilikuwa mezani, ikisubiri gundi.

"Ingia, mwanangu," alisema yule fundi cherehani bila kugeuka. "Usiwaogope. Wote ni mmoja."

"Shikamoo, mama," Rangi alisema.

"Marahaba. Huyu ni binti yangu. Alikwenda kufanya kazi mji wa mbali, akaugua, akaficha ugonjwa. Walipompeleka hospitali walikuwa wamechelewa. Walimzika hukohuko kabla sijafika. Sikumwona, na picha yake sikuwa nayo hata moja." Akageuka. Macho yake yaling'aa mno. "Sasa naambiwa aliwahi hospitali. Naambiwa leo yupo. Imeandikwa mji mzima. Namtafuta aliyechora anieleze amemwona wapi."

Rangi alitazama mlango. Angeweza kusema hajui. Angeweza kuaga na kwenda zake, na hakuna ambaye angejua. Kisha akaona sahani mbili zilizofunikwa juu ya meza.

"Ni mimi, mama," alisema. "Ni mimi niliyechora. Lakini sikumwona. Niliikuta picha yake kwa mjomba wangu mpiga picha, nikaifuatisha kwa siri kwa sababu sijui kuchora nyuso. Maneno niliyatunga tu. Nisamehe, mama."

Yule fundi aliuweka mkasi chini, taratibu sana.

"Siku nne nimepika chakula cha watu wawili," alisema mwishowe. Akakaa, akafunika uso wake kwa mikono, akalia. Rangi hakujua la kufanya, akapiga magoti kando yake, akalia naye.

Jioni hiyohiyo alimweleza mjomba.

"Sanduku lile ni amana!" mjomba alifoka. "Watu wameniachia nyuso zao, wewe unazifanya mapambo?" Lakini alipolitafuta jina kwenye daftari, hasira ilimtoka. Yule binti alipiga picha za kuombea kazi, gari likaondoka kabla hazijawa tayari. Zilikuwa nne. Mjomba alizifuta vumbi moja moja, akaenda yeye mwenyewe kumpelekea yule fundi.

Ijumaa asubuhi, Rangi alisimama mbele ya mwalimu akasema yote. Hakubembeleza, hakuacha kitu. Walikwenda pamoja kumweleza muuguzi mkuu wa zahanati, kisha wakazunguka mji wakibandua mabango yaliyobaki. Kazi iliwachukua hadi alasiri.

Kwenye ukuta wa mwisho walimkuta yule fundi akiwasubiri.

"Zahanati bado inataka bango?" aliuliza.

"Inataka, mama," mwalimu akajibu.

"Basi anichore mimi. Maneno nitatoa mwenyewe."

Rangi alirudi nyuma hatua moja. "Mama, mimi sijui kuchora nyuso."

"Suruali ya kwanza niliyoshona mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine," alisema fundi. "Mwenyewe alitembea kama kaa. Chora."

Rangi alichora. Uso wa kwanza ulikuwa kiazi, wa pili pia. Mwalimu alimwonyesha namna ya kupima umbali kati ya jicho na jicho, kati ya pua na kidevu. Siku ya sita, fundi aliuangalia mchoro kwa muda, akasema, "Huyu namjua. Amezeeka, maskini." Wote wakacheka.

Bango jipya lilibandikwa wiki iliyofuata. Juu yake alionekana mama mwenye macho ya huzuni, na maneno haya: MWANANGU ALICHELEWA. WEWE WAHI. Hakuna aliyelikata. Muuguzi mkuu alisema wapo waliofika zahanati wakisema, "Yule mama kanileta."

Siku ya kufunga muhula, mwalimu alimwita Rangi. Mkononi alikuwa na karatasi yake, iliyoandikwa upya. Chini ya udhaifu palikuwa na mistari tisa.

"Hii ndiyo kazi yako bora muhula huu," mwalimu alisema. "Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Binti wa watu alificha ugonjwa, wewe ukaficha udhaifu, na aliyelia ni mama mmoja. Kutojua si aibu, Rangi. Ukisema hujui, utapata wa kukufundisha. Ukijificha nyuma ya uso wa mwingine, unaweza kumuumiza mtu usiyemjua hata jina."

"Nimeelewa, mwalimu."

"Haya, kaa. Muhula ujao tunaanza na mikono. Hiyo ni migumu kuliko nyuso."