Sauti Nje ya Hema

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Riungu, mwalimu mwenzangu pale Ruiri, mwaka wa sabini na nane, nami nayasema kama alivyonieleza.

Likizo ya Agosti alikwenda kupiga kambi kwenye hifadhi ya msitu juu ya Kibirichia. Alikwenda na Salesio, rafiki aliyemsimamia siku ya harusi yake. Walisimika hema kando ya handaki la wanajeshi wa mkoloni, lililochimbwa siku za Mau Mau, walipowalazimisha watu kuwataja wenzao, na sasa limeota nyasi. Saa kumi na moja jioni Salesio alichukua mtungi, akashuka mtoni kuteka maji.

Ukungu ukaja. Ndani ya hema, alimobaki Riungu, pakawa giza. Ndipo akasikia viatu vizito, vingi, vikikanyaga changarawe hadi vikasimama karibu na turubai. Mtu akauliza polepole, "Ni huyu?"

Kimya. Akauliza tena.

Riungu akasikia kikohozi alichokijua tangu utotoni, na sauti ya Salesio ikajibu, "Ndiye."

Anasema hofu haikumuumiza kama sauti ile. Akatoka mbio. Hapakuwa na mtu, wala changarawe. Palikuwa na nyasi tupu.

Baadaye Salesio alipanda kutoka mtoni, mtungi umejaa. Riungu hakumweleza aliyoyasikia. Salesio akatua maji, akashindwa kumtazama usoni.

"Usinichukie, Riungu," akasema. "Mara ya kwanza nilikataa kujibu."