Gari Lisilochubuka

Mwanaume mzima, mwenye ndevu na duka lake la miwani, alikuwa anaogopa vumbi. Si mwizi, si ugonjwa, si mkewe ambaye kwa kweli ndiye aliyefaa kuogopwa pale nyumbani. Vumbi! Mtaa mzima ulimwita Bwana Vumbi, na kwa jinsi alivyojaa maringo, alidhani wanamsifia.

Kisa chenyewe kilikuwa gari. Jekundu, la spoti, milango miwili, limekaa chini chini, na injini ikiwaka glasi za kabatini zinagongana. Alilitafuta miaka tisa. Alipolipata akaliweka bandani kando ya nyumba, akalifunika shuka la pamba na juu yake turubai, ndiyo ikawa basi. Kila Jumamosi asubuhi analifunua, analikagua kwa lenzi ya dukani kwake, analifuta, anaingia, anawasha injini na kushika usukani, huku ananguruma kwa mdomo kama mtoto wa miaka minne. Kisha anazima, anafunika, anarudi ndani kunywa chai.

Kukiwa na wingu, hatoki, litalowa. Kukiwa na jua, hatoki, rangi itapauka. Barabara kuu ina kokoto, barabara ndogo ina watoto na mipira.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea sebuleni penye dirisha linalotazama banda.

"Cherehani yangu imetembea kuliko hilo gari lako," alimwambia siku moja, pini zimejaa mdomoni.

"Wewe huelewi. Likichubuka mara moja, ndiyo limeshachubuka."

"Na wewe ukishakufa, nani ataliendesha? Vumbi?"

Bwana Vumbi alinuna, lakini maneno yalimwingia. Alitamani kuendesha, tena alitamani hadi usingizini. Kulikuwa na barabara moja ya kupanda mlimani, kona juu ya kona, na alikuwa akiizungumzia jinsi wanaume wengine wanavyomzungumzia mwanamke waliyemkosa. Alitaka kona zote zile, na alitaka arudi na rangi ileile. Alitaka kula keki na keki ibaki mezani haijakatwa. Ndiyo akaenda kwa fundi rangi.

Huyo fundi rangi alikuwa mzee mkimya, karakana yake iko mwisho wa mtaa wa vyuma chakavu, na hakuwa na tabia ya kumtazama mtu machoni. Alimsikiliza Bwana Vumbi akilalama, kisha akamwekea mezani kopo la polishi lisilo na karatasi wala maandishi.

"Paka kwa nguo iliyovaliwa na mtu. Isiwe imefuliwa," alisema. "Baada ya hapo endesha utakavyo. Gari halitachubuka."

"Nguo ya nani?"

"Utakayemchagua. Mchubuko ni mchubuko, lazima upate mahali pa kukaa."

Mtu mwenye akili zake angelirudisha kopo lile mezani na kuondoka mbio. Bwana Vumbi aliuliza kama polishi hiyo inaacha michirizi.

Alirudi nyumbani, akaingia chumbani, akapekua kapu la nguo chafu. Akachukua blauzi ya mkewe. Baadaye alijitetea kwamba aliichukua kwa sababu ni laini.

Jumamosi ile mkewe alikaa kwenye cherehani yake, jua limejaa dirishani, redio inaimba. Alishangaa kusikia gari linatoka kweli. Akacheka peke yake. Baada ya muda akahisi kitu kwenye paji la uso, kama kudonwa. Kikadona tena, na tena. Alipojitazama kwenye kioo alikuta vidonda saba vidogo, kila kimoja na tone lake la damu.

Akadhani ni wadudu. Akapaka dawa.

Bwana Vumbi alirudi saa nane, macho yanawaka, shati limemganda mgongoni.

"Nilikuwa nyuma ya lori la kokoto!" alisema, hata salamu hakutoa. "Ta, ta, ta, zinapiga boneti! Njoo uone, hakuna hata alama moja!"

Alimtazama mkewe usoni, akaviona vile vidonda. Akaviangalia kwa muda. Kisha akauliza chakula kiko wapi.

Jumamosi ya tatu mkewe alikuwa na mteja. Dada mmoja wa benki, mwenye kuongea kwa pua, aliyekuwa akimwita fundi "wewe" tangu siku ya kwanza. Fundi alikuwa amepiga magoti anampimia pindo la gauni. Ghafla akaachia pindo. Kitu kilimgusa kwapani. Kikaanza kushuka. Hakikuwa na haraka. Kilishuka ubavuni, kikapita nyonga, kikapinda kidogo, kikaendelea hadi juu ya goti. Ngozi ilikuwa inafunguka chini ya nguo, na yeye alikuwa anaisikia.

Damu ikatokeza kwenye blauzi, mstari mmoja mrefu.

Yule dada wa benki akaruka nyuma. "We! Usinichafulie gauni!" Hakuuliza kingine. Akalivua, akalitupa juu ya kiti, akavaa zake, akaondoka.

Bwana Vumbi alirudi akiwa na furaha ya bwana harusi. Alikuwa ameparuza ukuta wa kituo cha mafuta, tena vibaya, watu wakapiga kelele. Lakini gari, alisema, gari jipya kabisa!

Mkewe alikuwa amefungwa bandeji ubavu mzima. Akatoka hadi bandani, akichechemea taratibu, futi ya kupimia shingoni.

"Liliparuza wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hapa mlangoni, hadi hapa karibu na gurudumu la nyuma. Likapinda hapa kwenye kitasa."

Akapima. Inchi thelathini na moja. Kisha akajipima mwenyewe, kutoka kwapani hadi juu ya goti, mbele ya mumewe. Inchi thelathini na moja.

"Umefanya nini?" alinong'ona.

Akamweleza yote. Fundi rangi, kopo, blauzi. Aliyaeleza kwa sauti ya mtu aliyekutwa anakula sukari ya watoto. Mkewe alisubiri amalize, akidhani mwishoni litakuja neno la maana, samahani, au naliuza, au hata chozi la uongo.

"Kuanzia sasa nitakuwa naendesha polepole," Bwana Vumbi alisema.

Ndipo alipomdharau. Kabla ya hapo alikuwa akimcheka tu, kama wake wengi wanavyowacheka waume zao, na ndani ya kicheko kile kulikuwa na mapenzi. Siku ile mapenzi yalitoka. Alimwona kama kitu kilichonata chini ya kiatu.

Alifikiri kukimbilia kwa dada yake. Lakini polishi ilikuwa haiulizi mtu amelala wapi. Alifikiri kuvunja vioo vya gari kwa nyundo, akagusa macho yake. Alifikiri kulichoma moto. Hilo aliliacha hapohapo. Alificha funguo, na Jumamosi iliyofuata akasikia injini ikiwaka, maana bwana yule alikuwa na funguo za akiba na haya alikuwa hana. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mikono kichwani. Kila breki iliyolia barabarani ilimtoa jasho. Mumewe akipinda kona vibaya siku moja tu, yeye atakufa palepale sebuleni, na watu watamkuta amevunjikavunjika na cherehani yake pembeni.

Hakufa siku hiyo. Alipata jeraha moja tu kisiginoni. Mumewe alikuwa amepanda ukingo wa barabara.

"Kidogo sana," Bwana Vumbi alimtuliza. "Halafu mng'ao umeanza kupungua. Nimempigia yule mzee, ameniuzia kopo jingine. Nilikuwa nauliza... huna kitambaa?"

Alikuwa anamwomba mwenyewe, jamani! Atoe kwa mkono wake!

Mkewe akamtazama sana. "Ninacho," alisema. "Nitakushonea kizuri."

Akaenda kwenye kapu la nguo chafu. Akatoa fulana ya mumewe, aliyoivaa siku nne mfululizo, akaikata mgongoni, akaikunja pindo vizuri, na kuizungushia lesi mpya ya maua. Alishona kwa utulivu, mshono mdogo mdogo, kazi safi kuliko alizowahi kumfanyia mteja. Mtu yule, aliyeweza kuona mkwaruzo mwembamba kuliko unywele, alipokea kipande cha fulana yake mwenyewe, akakigusisha shavuni.

"Laini," alisema. "Kumbe sasa umenielewa, mke wangu."

"Nimekuelewa. Nenda mlimani ukafurahi."

Alikwenda. Mkewe akawasha redio, akakaa kwenye cherehani, akashona. Saa tano, hakuna kitu. Saa sita, hakuna. Saa saba kasoro alihisi kama upepo umepita usoni. Basi. Akaendelea kushona.

Saa tisa akaja polisi, kofia ameishika mkononi.

Gari lilikuwa limekosa kona na kwenda kugonga mwamba kwa pua, kasi yote. Mwamba ulipasuka. Gari halikuwa na alama, hata taa hazikuvunjika. Polisi yule alilisema hilo mara tatu, na kila mara sauti ilizidi kushuka.

"Yeye mwenyewe je?"

Polisi alitazama chini. "Usimwone, mama."

Alimwona. Kuanzia kichwani hadi kiunoni hakukuwa na mfupa uliobaki mahali pake. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa mzima kabisa, miguu imenyooka, soksi safi, kama mtu aliyelala mchana. Mhudumu wa chumba cha maiti alisema kwa miaka yote ya kazi yake hajaona maiti ya namna hiyo. Mjane alilia kidogo, kwa heshima ya waliokuwepo. Moyoni alikuwa amepumua.

Walizika. Siku ya nne, ndugu bado wamejaa sebuleni, alikuwa anamimina chai. Ghafla akaiachia birika. Nyuma ya miguu, chini ya magoti, ngozi ilikuwa inafunguka. Miguu yote miwili. Mistari mipana. Kama ya mnyororo.

Nje, gari la kuvuta lilikuwa limeingia mtaani. Lilikuwa linalileta jekundu, nyuma mbele, mnyororo umezungushwa kwenye bampa la nyuma.

Alisubiri ndugu waondoke, akaenda bandani. Kopo jipya lilikuwa rafuni. Akafungua. Lilikuwa nusu. Akalibeba hadi karakana ya fundi rangi, miguu imefungwa vitambaa.

"Aliniuliza kama anaweza kupaka mbele tu," mzee alisema, bila kumtazama. "Alitaka kubana polishi. Alisema nyuma bado panang'aa."

Mjane akakaa juu ya tairi bovu. Akamtukana marehemu matusi ambayo hata mafundi wa jirani walisimamisha nyundo kumsikiliza. Kwa hiyo nyuma ni kwake. Bampa, buti, taa za nyuma, vyote ni mwili wake, na mtu mwenyewe yuko chini ya udongo, amepumzika!

"Inaisha lini?"

"Haiishi. Inahama tu, ukipaka kwa nguo nyingine."

"Nguo ya nani?"

"Utakayemchagua."

Alirudi na kopo lake. Alisema hatafanya. Alisema yeye si Bwana Vumbi, ataliweka ndani, atalifunika, hakuna atakayeligusa hadi afe. Wiki nzima alilala na sikio bandani. Siku ya nane, saa nne asubuhi, akiwa anatia uzi kwenye sindano, paka wa jirani aliteleza chini ya turubai akajinyoosha juu ya buti. Mistari minne ikafunguka nyuma ya paja lake, mizuri, imepangana.

Akaweka sindano chini. Pembeni yake kulikuwa na lundo la nguo za wateja za kurekebishwa, zimevaliwa, zina harufu ya wenyewe. Alizigeuza moja moja. Ya mama mjamzito, akaiweka kando. Ya mwalimu mzee, kando. Akafika kwenye gauni lililotupwa juu ya kiti siku ile ya damu, akalishika kwa vidole viwili.

Gari liliuzwa mwisho wa mwezi, linang'aa kuanzia mbele hadi nyuma, kwa rubani mmoja mchangamfu. "Mimi sinunui gari la kutazama," alisema, akaondoka kwa kasi hadi mtaa mzima ukanuka mpira.

Dada wa benki alikuja kuchukua gauni lake Jumatatu. Alilivaa mbele ya kioo, akajigeuza, akakunja uso.

"Wewe, mbona limekuwa fupi?"

"Ndivyo ulivyotaka," fundi alimjibu, macho kwenye cherehani.

"Sikutaka hivi. Vidole vinne vizima vimekwenda wapi?" Akapeleka mkono nyuma ya shingo, akautoa, akautazama. Kulikuwa na tone dogo la damu kwenye kidole. "Una wadudu humu ndani? Hebu njoo unitazame, kuna kitu kimenidona."

Fundi akainuka, akazisogeza nywele zake taratibu. Kidonda kilikuwa kimoja, kidogo kama ncha ya sindano. Wakati anakitazama, cha pili kikafunguka kando yake.

"Sioni kitu, dada," alisema, akaziachia nywele zishuke.