Baiskeli Tupu ya Kalisti

Ukimuuliza Kalisti mwenyewe, hatakuficha. Jumapili ile aliyoteremka mlima kwa baiskeli huku tumbo limejaa, mjinga alikuwa yeye. Mlima haukuwa na kosa, na baiskeli ilijitahidi.

Kalisti alizaliwa na kukulia Sumbawanga. Siku hizi anaishi Dodoma na anafanya kazi ya ofisini. Kiti cha ofisi kimempa kitambi. Kimempa na presha pia. Daktari alimwandikia vidonge vya kumeza kila siku. Akamwambia apunguze chumvi, mafuta na pombe, na auchangamshe mwili. Kalisti akanunua baiskeli. Kila asubuhi alizunguka mtaani kwao, na presha ikaanza kushuka.

Likizo ilipofika, yeye na mkewe Justa walipanda basi hadi Sumbawanga, kwa shangazi Bertilla. Shangazi huyo ndiye aliyemlea.

"Mazoezi yako utayafanyaje huku?" Justa aliuliza.

"Baiskeli ya marehemu baba bado ipo stoo. Nitakula vya nyumbani, kisha nitaendesha. Kimoja kinafuta kingine."

"Na vidonge?"

"Mimi nimekuja kupumzika. Na vyenyewe vipumzike."

Justa alimjua mumewe.

Shangazi alipika kama anayelisha harusi. Asubuhi chapati. Mchana ugali wa ulezi, migebuka, samaki wakavu wa chumvi kutoka Wampembe, na maharage yanayoogelea kwenye mafuta. Jioni jirani mmoja alileta kimpumu, pombe ya ulezi, ili mgeni akumbuke nyumbani. Mgeni alikumbuka vizuri sana.

Kesho yake Kalisti alitoka na baiskeli. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Sumbawanga baiskeli ina kazi yake. Inabeba gunia la mahindi, mkaa, au kuku wanaopelekwa sokoni. Mtu mzima, suruali imepigwa pasi, anaendesha huku keria haina kitu? Watu lazima wajiulize.

"Shikamoo, mama," Kalisti alimsalimia mama Fortunata, rafiki wa shangazi yake.

"Marahaba. Si wewe Kalisti wa Mathias? Unakwenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Nazunguka tu."

Mama Fortunata alimwonea huruma. Mtoto wa watu katoka Dodoma, hana gari, hata bodaboda imemshinda, na hana pa kwenda.

"Ingia ndani, mwanangu. Kula kwanza."

Ukikataa chakula cha mama mtu mzima, umemtukana. Kalisti akaingia, akala. Alipotoka, habari zilikuwa zimeshatangulia mbele yake. Kalisti kafukuzwa kazi. Siku iliyofuata aliitwa nyumba hii, akaitwa na ile. Kadiri alivyoendesha, ndivyo alivyozidi kuonewa huruma. Kadiri alivyoonewa huruma, ndivyo alivyozidi kulishwa. Na tuseme ukweli, hakuna nyumba aliyoingia akilia.

"Mume wangu," Justa alimwambia, "wewe unafanya mazoezi au unakusanya chakula?"

Jumapili baada ya kanisa shangazi alichinja mbuzi. Kalisti alikula mpaka akalegeza mkanda. Akaulegeza tena. Kisha moyo ukamsuta.

"Leo naendesha safari moja ndefu," alisema. "Nafuta madeni ya wiki nzima."

Akashika barabara inayoteremka bondeni, upande wa Milepa. Watoto wa Ufipa wanaijua ile miteremko. Mtoto wa huku kabla hajashuka huuliza atarudije. Kalisti naye aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini upepo ulikuwa mtamu, na baiskeli ilikimbia yenyewe. Akapiga mluzi kona baada ya kona.

Mluzi uliisha alipogeuza. Kona ya kwanza alisukuma. Kona ya pili moyo ulidunda mpaka masikioni. Kona ya tatu kichwa kilizunguka, akakaa juu ya jiwe na kulishikilia kwa mikono miwili, asije akaanguka.

Lori la mpunga likapanda polepole kutoka bondeni. Dereva akasimama.

"Mzee, baiskeli imeharibika?"

"Baiskeli nzima," Kalisti alisema kwa shida. "Aliyeharibika ni mimi."

Akapandishwa juu ya magunia pamoja na baiskeli yake, katikati ya mbuzi wawili. Mmoja alimtafuna ukosi wa shati njia nzima. Kalisti aliona ni haki yake. Mwenziwe alikuwa tumboni.

Alipofika nyumbani, Justa alikimbia kumwita Leonia. Leonia ni muuguzi, jirani wa shangazi, na alisoma darasa moja na Kalisti. Alikuja na kipimo. Akampumzisha kwanza, akampima. Akangoja kidogo, akampima tena. Utani wote ukamtoka usoni.

"Presha iko juu sana. Vidonge unameza?"

Kalisti akaangalia dari.

"Viko likizo," Justa akajibu.

Shangazi Bertilla alikuwa mlangoni na bakuli la supu mkononi.

"Presha ya nani?" aliuliza.

Kisha akakiona kipimo mkononi mwa Kalisti. Mlangoni pale pale ndipo alipoangukia kaka yake Mathias, baba wa Kalisti. Kilikuwa kiharusi. Mathias naye alimeza vidonge siku alizojisikia vibaya tu.

"Mwanangu, una ugonjwa wa baba yako, na hukuniambia?"

"Niliogopa utahuzunika, shangazi."

"Na utamnyima nyama," Justa aliongeza.

Shangazi hakucheka. Aligeuka, akarudisha supu jikoni.

Leonia hakungoja kesho. Alimpeleka hospitali jioni ile ile. Daktari akamtibu, akamrudisha kwenye vidonge vyake, na akamwambia apumzike kwanza kabla ya kugusa baiskeli tena.

Siku chache baadaye Leonia alikuja kumpima. Wote wakakaa kumsikiliza.

"Presha haipigi hodi," alisema. "Unaweza kujisikia mzima huku inakumaliza. Ndiyo maana vidonge vinamezwa kila siku, hata ukiwa likizo. Usiviache mpaka daktari aseme."

"Lakini niliendesha baiskeli," Kalisti alijitetea.

"Baiskeli inavisaidia vidonge. Haichukui nafasi ya dawa. Wala haifuti sahani. Kwa mlo wa Jumapili ile, ungeendesha mpaka Mpanda na bado usingeumaliza."

Justa alicheka mpaka akafuta machozi.

"Sasa nifanyeje?"

"Endesha kidogo, siku nyingi. Usilimbikize mazoezi ya wiki ukayafanya siku moja. Toka asubuhi, kabla ya mlo mkubwa. Fuata njia tambarare. Mwendo uwe ule ambao unaweza kuongea bila kukatika pumzi. Kichwa kikizunguka au kifua kikibana, shuka. Omba msaada, uende hospitali."

"Na zile nyumba za njiani? Nikikataa chakula wataniita mwenye maringo."

"Wanakulisha kwa sababu baiskeli yako tupu," Leonia alisema. "Weka mzigo kwenye keria. Mtu mwenye mzigo hasimamishwi."

Shangazi alikuwa na mahindi ya kusaga. Lakini alisita.

"Mgeni wangu aende mashineni? Watu watasema namtumikisha."

"Waseme, shangazi," Leonia alijibu. "Afadhali waseme hayo kuliko waje hapa kulala matanga."

Daktari aliporuhusu, Kalisti alitoka asubuhi na mfuko mdogo wa mahindi kwenye keria. Mama Fortunata alikuwa nje.

"Kalisti, karibu chakula."

"Ahsante, mama. Nakwenda mashineni."

"Basi wahi, foleni imeshakuwa ndefu."

Ikawa hivyo kila asubuhi. Mahindi ya shangazi yalipokwisha, akabeba ya Leonia. Mtaani habari zikageuka. Kalisti hajafukuzwa kazi, walisema, ni kijana mwenye adabu, anamsaidia shangazi yake. Hakuna aliyemwonea huruma tena. Kalisti alisikitika kidogo.

Jikoni nako kulibadilika. Shangazi alipunguza chumvi. Migebuka aliilowesha ili chumvi itoke, maji akamwaga. Mafuta aliyapima kwa kijiko badala ya kumimina. Mboga za majani ziliongezeka sahanini, na jirani wa kimpumu aliambiwa ampumzishe mgeni.

Siku ya mwisho Leonia alimpima tena. Presha ilikuwa imeshuka vizuri. Shangazi aliangalia kipimo kana kwamba anajua kukisoma, akashusha pumzi.

Jioni wakala pamoja kuagana. Kalisti alichota mgebuka. Akachota tena. Mkono ulipoelekea bakulini mara nyingine, shangazi alilivuta kwake.

"Shangazi, ni siku ya mwisho."

"Najua."

"Vidonge nimemeza."

"Nimekuona."

"Na leo asubuhi nimepanda kile kilima cha mashineni bila kushuka. Muulize yeyote."

Shangazi Bertilla alifunika bakuli, akaliweka upande wa Justa.

"Kilima umekipanda mara moja, mwanangu. Bakuli unataka kulipanda mara tatu."