Siku Tusekile Alipomkimbia Mzee Chandu

Belo la viatu vya mtumba likifunguliwa sokoni Mchikichini, hakuna kusalimiana. Kamba inakatwa, nailoni inapasuka, na watu wazima wenye heshima zao wanajitupa juu ya rundo kana kwamba kuna mtoto amefukiwa chini yake. Asubuhi ile Tusekile alikuwa wa kwanza kufika chini. Kilemba cha njano, gauni la kitenge limechomekwa kiunoni, jasho linametameta juu ya mdomo. Mkono wake ukashika buti la mlimani, ngozi ya kahawia, soli yenye meno, gredi ya kwanza kabisa. Akavuta. Buti la pili, lililofungwa nalo kwa uzi mmoja, halikuja. Lilikuwa mkononi mwa mtu.

Alikuwa kijana wa Kihindi, shati jeupe lililopigwa pasi, marashi mazito kuliko soko lenyewe.

"Achia, kaka," Tusekile alisema.

"Nimeshika mimi kwanza, dada."

"Umeshika la kulia. Hapa tunahesabu la kushoto."

"Nani kaweka sheria hiyo?"

"Mimi. Sasa hivi."

Clotilda, mwenye meza ya jirani, akaeleza kwa sauti ya kusikika hadi Karume kwamba mteja haingii kwenye belo, belo ni la wachuuzi, na huyu kaja kuwanyang'anya watu riziki amevaa shati la harusi. Rundo zima likacheka. Kijana naye akacheka, akaachia, akasubiri pembeni kama mtoto mwema hadi Tusekile alipopanga meza yake, kisha akayanunua mabuti yale yale kwa bei aliyoipenda Tusekile.

Aliitwa Jaimin. Baba yake, Mzee Chandu, ana duka la maturubai Kariakoo, na yeye ndiye anayelisimamia. Tusekile alimuuliza mabuti ya mlimani ya nini mtu wa Kisutu ambaye kilima chake kikubwa ni ngazi za ghorofa. Jaimin akasema amejiunga na kundi la watu wanaotembea milimani, na mwezi huo wanakwenda Rungwe, kuliona Ziwa Ngosi. Tusekile aliketi chini akacheka hadi kilemba kikalegea.

"Bibi yangu alikuwa anaokota kuni kwenye mlima huo," alisema. "Masikini, hakujua kuwa anatalii."

Na hapa lisemwe jambo. Katika nchi hii mlima una watu wa aina mbili. Akipanda mgeni na fimbo zake mbili, anaitwa mtalii, anawekewa kibao cha kumwelekeza na mtu wa kumbebea chakula. Akipanda mwenyeji kutafuta kuni, anaitwa mvamizi, anakimbizwa. Jambo hili lilianza zamani, tangu Wajerumani walipoyaona maziwa ya Rungwe wakachagua moja zuri, Masoko, wakajenga boma ukingoni wapate upepo. Mzee Chandu naye, alipokuwa mtoto chini ya Waingereza, alichapwa viboko kwa kusahau jina la ziwa moja la Uskochi kwenye ramani. Hadi leo anayataja maziwa ya Uskochi na vilima vyake kama anayetaja majina ya wajomba. Hakuna aliyewahi kumchapa kwa kutoijua Rungwe, kwa hiyo hakuijua.

Tuendelee. Benjamini, kiongozi wa kundi, aliposikia kuna mwenyeji wa huko anauza mabuti, alimwomba awe mwongoza njia wao. Tusekile alikubali. Kabla ya safari alipeleka dukani mabuti mengine ya wanakundi, akamkuta Mzee Chandu kwenye kiti chake, akamwamkia vizuri kwa kupiga goti kidogo, mzee akaitikia na kumuulizia biashara. Usiku Jaimin alipiga simu kusema baba yake amemsifu.

"Kanisifu nini?"

"Kwamba una adabu. Nikamwambia hajakuona kwenye belo."

Simu ziliongezeka. Alimwita Tuse, yeye akamwita Jei. Wakaanza kuagana mara tatu kwenye simu moja.

Safari ilikuwa ya watu kumi na kitu: wauguzi, fundi simu, mwalimu, dada mmoja wa benki aliyekuja na kucha ndefu. Walishuka kwenye basi Isongole wakakutana na baridi ambayo Dar haijawahi kuitengeneza hata kwa mashine. Tusekile alikuwa amevaa koti la jeshi la mtumba na kofia ya sufu nyekundu, na hapo ndipo Jaimin alipomwona upya. Sokoni alikuwa mwepesi na mkali. Hapa alikuwa ametulia, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake akakuta kila kitu mahali pake.

Wakapanda. Kwanza mashamba ya viazi, kisha msitu, mianzi iliyoinamiana juu ya njia, migomba pori yenye majani makubwa, tope jeusi linalonyonya mguu na kuurudisha likitaka. Jaimin alianguka mara ya kwanza, Tusekile akamwinua. Alipoanguka tena, alimwambia abaki hapo hapo, watamchukua wakishuka. Dada wa benki alipoteza kucha mbili na hakulalamika. Njiani walipishana na wageni wawili kutoka Ulaya wakishuka na fimbo zao, na mmoja akawauliza kwa upole kama wao ndio wabeba mizigo. Benjamini akamjibu kwa upole vilevile kwamba sisi ndio wenye ziwa.

Kisha miti ikaachana, na chini, mbali, ndani ya kikombe cha mlima, ziwa likaonekana. Lilikuwa la kijani, halina wimbi, ukungu unatembea juu yake kama moshi wa jiko lililozimwa. Watu wa Dar, ambao hawanyamazi hata msibani, walinyamaza.

Jaimin na Tusekile walikaa ukingoni wakigawana ndizi ya kuchoma.

"Nataka nikuoe," Jaimin alisema. Hakuwa amepanga. "Najua kutakuwa na maneno. Kwenu na kwetu. Baba nitaongea naye. Wewe unasemaje?"

Tusekile alitazama ziwa muda mrefu. "Jambo hilo wanawake wa kwetu hatulijibu kwa mdomo."

"Mnalijibu kwa nini, kwa barua?"

"Siku nikijibu, utaona mwenyewe."

Jaimin akadhani anataniwa, kama kawaida yao. Alitabasamu, akammalizia ndizi.

Waliporudi Dar aliongea na baba yake. Haikuwa kazi ndogo. Mzee Chandu alikuwa na kumbukumbu ndefu. Alikumbuka mwaka sabini na moja, jengo la baba yake lilipotaifishwa, na jirani waliyekula naye miaka yote akapita siku hiyo akiangalia upande wa pili wa barabara. Hakumchukia mtu, ila tangu hapo alipima watu kwa jambo moja: nani anakupa uso na nani anakupa mgongo. Alikaa na habari ile wiki nzima. Mama yake Jaimin, Shobhana, alilia kidogo, kisha akauliza binti anakula nini. Mwishowe mzee akasema, "Alinisalimia vizuri siku ile. Mwite aje."

Siku ya ugeni huo mzee alivaa shati jipya. Aliagiza soda na vitamu vya ladu. Hata wateja aliwaambia wafanye haraka.

Tusekile alifika saa nne, gauni la buluu, kanga mabegani. Alivuka kizingiti, akamwona mzee anainuka kwenye kiti, mikono yote miwili imenyooshwa mbele. Tusekile akaivuta kanga ikamfunika kichwa na uso, akageuka, akajibanza nyuma ya marobota ya maturubai. Mzee alipopiga hatua kumfuata akidhani amejikwaa, binti akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Wateja walimwona. Wapagazi walimwona. Mzee Chandu alibaki na mikono yake hewani.

"Dikra, mwanangu," alimwambia Jaimin, akiketi polepole, "hata salamu?"

Jaimin alimpigia simu.

"Tuse, umemkimbia baba yangu mbele ya watu."

"Nimempisha," alisema. Sauti yake ilikuwa na furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomchoma Jaimin zaidi.

"Unacheka? Mzee amevaa shati jipya kwa ajili yako. Kama unaona aibu kuolewa na Mhindi, ungesema kule kule mlimani, usingekuja kutudhalilisha."

Magari yalipiga honi upande wake.

"Unafikiri ni aibu?" aliuliza taratibu.

"Huo ni ushamba, basi. Chagua mwenyewe."

Neno likishatoka halirudi mfukoni. Tusekile alikata simu. Alikuwa amempigia bibi yake alfajiri ya siku hiyo, akamwambia anakwenda kumpisha baba mkwe, na bibi akapiga vigelegele kwenye simu hadi kuku wakashtuka. Sasa jambo hilohilo linaitwa ushamba. Clotilda alimshauri ampigie amweleze. Akasema heshima haielezwi kwa anayeitukana. Akaendelea kuuza viatu, na kwa muda mrefu hakumpunguzia mteja hata shilingi.

Jaimin alituma ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Akaacha. Jioni alitembea Mnazi Mmoja peke yake, akiwaangalia watu wanaofanya mazoezi kama vile wao ndio waliomkosea. Benjamini alipotangaza safari ya pili Rungwe, safari ya kuogelea Ziwa Masoko, Jaimin alijiandikisha kwa sababu moja tu: alichoka kukaa mahali ambapo kila belo lilikuwa na sura ya Tusekile.

Masoko ni ziwa dogo, la duara, vilima vimelizunguka na migomba imeshuka hadi karibu na maji. Waliogelea asubuhi, maji baridi ya kukata pumzi. Baadaye Jaimin alikuwa ameketi kwenye benchi la mama anayechoma ndizi, taulo mabegani, akitazama njia. Msichana alikuwa anakuja na ndoo kichwani, anaimba. Upande wa pili akatokea mzee na fimbo yake. Msichana akakatiza wimbo katikati, akatua ndoo, akajifunika uso kwa kanga na kukimbilia migombani. Mzee akapita bila haraka, bila kugeuza kichwa, uso wake umejaa raha. Alipopotea, msichana alitoka, akajitwika ndoo, akaendelea na wimbo.

Jaimin aliuliza wamegombana nini.

Mama muuza ndizi alishangaa. "Wagombane wapi? Huyo ni baba mkwe wake. Anampisha. Mkwe wa kike hamtazami baba wa mumewe, hamtamkii hata salamu. Ndiyo heshima yetu. Siku hizi wengine wameacha, ila waliolelewa na bibi zao bado."

"Anaanza lini? Akishaolewa?"

"Akishamkubali kijana. Kabla ya hapo atamwamkia baba wa kijana kama mzee yeyote. Siku akianza kumkimbia, basi ujue kijana amepata mke." Akageuza ndizi. "Hapo hata mahari bado."

Jaimin alisimama, taulo likaanguka. Mtandao pale chini ulikuwa wa kuombea dua. Alipanda kilima pekupeku, miiba na yote, simu imeinuliwa juu kama mwenge, hadi ilipoita.

"Nani?" Tusekile alijibu, ingawa jina lilikuwa kwenye kioo.

"Mimi. Niko Masoko." Alikuwa anahema. "Tuse, siku ile dukani. Ulikuwa unanijibu?"

Jaimin alisikia Mchikichini yote nyuma ya Tusekile, wanaonadi, wanaobishana bei.

"Nilikujibu mbele ya baba yako na mbele ya wateja wenu," alisema hatimaye, sauti imekauka. "Ulitaka nikodi kipaza sauti?"

"Nilikuita mshamba."

"Nakumbuka."

"Mshamba ni mimi. Nimezaliwa mjini, nimesoma, na sikujua hata kuuliza. Naomba unisamehe."

"Ungeuliza tu, Jei. Neno moja. Umempisha kwa nini? Ningekwambia." Akavuta pumzi. "Umevaa nini miguuni, mbona unalia kila hatua?"

"Sijavaa kitu."

"Shuka huko kabla hujaumwa na nyoka. Ukirudi tutaongea."

Hakusema zaidi, ila hakukata simu, na Jaimin alishuka kilima kizima wakiwa wote wawili kimya, wanasikilizana wanavyopumua.

Kumweleza Mzee Chandu kulichukua chakula cha jioni kizima. Alisikiliza bila kugusa sahani. Alipoelewa, aliomba arudiwe pale kwenye mzee wa njiani aliyepita bila kugeuza kichwa. Kisha akaomba tena.

Jumamosi alikwenda Mchikichini kwa miguu yake, Shobhana pembeni na boksi la ladu, Jaimin nyuma. Habari ilimfikia Tusekile kabla yao. Alipojibanza nyuma ya makoti ya baridi yaliyotundikwa kwenye kamba, safari hii Mzee Chandu hakumfuata. Alisimama upande wake wa makoti, akageuza uso pembeni, kama alivyofundishwa.

"Mama," alimwambia Clotilda, "nisaidie kumfikishia huyo binti maneno. Mwambie nyumba ya baba yangu ilipochukuliwa, watu walinipa mgongo, na tangu hapo nikiona mgongo najua maana yake. Mwambie nilikuwa najua maana moja tu. Sikujua kuna mgongo wa heshima."

Clotilda, ambaye sauti yake hujaza soko, alishindwa kufikisha chochote. Alikuwa anajifuta macho kwa soksi ya mtumba. Haikuwa na haja, maneno yalipita yenyewe katikati ya makoti.

"Mwambie tena," mzee aliendelea, "siku ile aliponikimbia, aliniamkia vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kuingia dukani kwangu, na mimi sikumwitikia. Nimekuja kuitika."

Akajiweka sawa kola ya shati. Wauzaji wa meza za karibu walikuwa wameacha kunadi.

"Marahaba, mwanangu."

Nyuma ya makoti mtu alianza kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na Jaimin akainama, akapita chini ya kamba kwenda upande wa pili.