Kidonda cha Msumari

Mimi ni fundi viatu. Kibanda changu kinatazamana na kituo cha afya. Nikipigilia soli, misumari naibana kwa midomo. Na tumbaku haikosi shavuni.

Basi, kidonda kikanitoka chini ya ulimi. "Msumari huo," nikajisemea. Nikasukutua kwa maji ya chumvi. Nilijisemea kwa kuwa sikuwa na wa kumwambia. Mke wangu alishafariki. Wanangu wako mbali, simu zao za kubahatisha. Nyumbani nakula nikitazamana na ukuta.

Siku moja muuguzi wa kituoni alileta viatu vyake vya kazi.

"Mzee wangu, mbona leo misumari imehamia kulia?"

"Kushoto pana kidonda. Kidogo tu, wala hakiumi."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu huu."

Akaacha kutabasamu. "Baba, kidonda cha msumari hupona kwa siku chache. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki tatu hakijapona, kapimwe, kiume kisiume. Huenda ni saratani. Tumbaku huileta."

"Saratani! Basi nimekwisha."

"Nani kakuambia? Ikiwahiwa inatibika. Tatizo ni kuchelewa."

Akanipeleka kituoni, akanimulika mdomoni kwa tochi, akachukua fomu ya kunipeleka hospitali kubwa.

"Ndugu wa karibu nimwandike nani?"

"Acha wazi," nikasema. Nilitamani ardhi inimeze. Hakuuliza tena, akaendelea kuandika.

Hospitali walikata kipande kidogo cha nyama, wakakipima. Kweli ilikuwa saratani, ila ilikuwa bado changa. Wakanifanyia upasuaji. Saa ya kuona wagonjwa, kila kitanda kilikuwa na watu wake. Mimi nilijifunika shuka usoni, nikalia. Sioni haya kusema.

Siku ya kuruhusiwa, karani alikuja kitandani.

"Mzee, binti yako anakungoja nje."

"Binti gani? Mimi nina wavulana watupu!"

Akanionyesha fomu. Ndugu wa karibu: jina la muuguzi na namba yake ya simu. Uhusiano: binti.

Nilimkuta mlangoni, kavaa viatu vile vile nilivyomshonea.

"Binti wa lini wewe?" nikamuuliza.

"Wa tangu ile fomu. Twende nyumbani, baba."

Siku hizi misumari naiweka kwenye kopo. Tumbaku nimeipa talaka. Kila baada ya miezi mitatu narudi kupimwa. Ulimi umekuwa mzito kidogo, lakini sasa ninaye wa kuzungumza naye.