Soketi za Mishale ya Dada

Kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja wa shabaha, Kiherehere aliketi na shangazi yake, fundi wa mishale, kwenye karakana ya klabu. Jina hilo alipewa nyumbani, maana mikono yake hutangulia masikio.

Siku hiyo mezani kulikuwa na mishale ya kaboni ya dada yake, ambaye kesho yake alikuwa na mashindano. Soketi zake zilikuwa zimepinda. Hivi ni vichuma vinavyogandishwa kwa gundi ndani ya mshale, ili chembe, ile ncha kali, kifungwe humo kwa skrubu.

"Funga chembe, halafu pasha moto chembe peke yake," shangazi alimwonyesha. "Joto litatambaa lenyewe hadi kwenye gundi, ilainike uvute soketi. Ukigusa kaboni ikakuunguza, iache ipoe. Kaboni ikiungua, mshale unaweza kupasuka ukiachiwa, na vipande vikaingia kwenye mkono ulioshika upinde."

"Nimeelewa, shangazi."

Shangazi alipoitwa uwanjani, Kiherehere alichoka kusubiri. Akaweka mishale yenyewe juu ya moto. Soketi zikatoka kirahisi kama meno ya utoto, akapachika mpya. Kwa nje mishale iling'aa kama kawaida.

Gundi ilipoganda, dada akaingia. "Umetengeneza wewe? Mdogo wangu, leo umenitoa kimasomaso."

Kiherehere alitaka kusema, lakini akamkabidhi mishale. Alimfuata dada uwanjani. Dada akapachika mshale, akaanza kuvuta upinde.

"Dada, usiachie," alisema. "Shusha upinde. Nimeiunguza."

Dada akaushusha taratibu. Shangazi akaja, akauchukua mshale na kuupinda kidogo karibu na sikio. Ukalia kra, kra. Wa pili nao ukalia vilevile. Akaivunja yote, mmoja baada ya mwingine, asije mtu akaitumia.

"Basi niazime mingine," dada alisema kwa sauti ndogo.

"Hii ilikatwa kwa urefu wa mkono wako, mwanangu. Iliyopo hapa ni mifupi, itakuumiza. Na mipya haiwezi kufika leo."

Dada akakaa chini, akalia. Kiherehere alisimama tu, mikono ikining'inia. Angetoa chochote, lakini kaboni iliyoungua haina dawa.

"Nisamehe, dada."

Dada alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto, akikunja vidole na kuvikunjua.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," shangazi alisema, akimshika Kiherehere bega. "Ulipuuza nilichokwambia, na mwenzako amekosa mashindano. Hilo siwezi kulitengeneza. Ukikosea, sema mapema, hata kama hakuna atakayekushukuru. Mashindano ameyakosa. Mkono anao."